Barabara ya Mheshimiwa Ignace

Kanisani kwetu Acocks Green, Birmingham, ambako ibada ya Kiswahili huanza Waingereza wakishamaliza yao na kunywa chai, Ignace Ciza alikuwa akiitwa Mheshimiwa. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa utani usio na ubaya, maana kila mtu alijua kazi yake ya sasa. Alikuwa akisukuma wagonjwa katika hospitali moja kubwa ya Edgbaston, kutoka wodini hadi eksirei, kutoka eksirei hadi wodini, na mara nyingine kuwateremsha kule chini ambako mgonjwa harudi. Mwenyewe hakulikataa jina hilo wala hakulifurahia. Ukimwita Mheshimiwa aliinua mkono kidogo, akakuuliza watoto hawajambo, akapita.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi za pembeni, anayevaa koti la suti hata akienda dukani kununua maziwa. Yeye na mkewe Henriette walipanga nyumba nyuma ya stesheni pamoja na binti yao, Gisèle. Henriette, aliyekuwa mwalimu wa sekondari kwao, sasa alikuwa akipakua chakula cha mchana katika shule ya msingi. Gisèle alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu hapa hapa mjini, akisomea lugha na tafsiri. Kiswahili alikielewa chote, hata cha mafumbo, lakini alijibu kwa Kiingereza.

Kwao, mashariki ya Kongo, mtu akishapata mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Henriette alimwita mumewe Papa Gisèle, na sisi tukachukulia kwamba Gisèle ndiye kifungua mimba wao. Kumbe alikuwako Gédéon kabla yake. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine nilikuja kuambiwa na Henriette tukiwa tunamenya viazi vya sherehe ya kanisa, na mengine na Gisèle.

Ignace alikuwa mbunge katika bunge la jimbo. Hakuwa mbunge mkubwa wa Kinshasa. Alikuwa wa jimbo, wa wale wanaojulikana kwa sura sokoni na kusimamishwa njiani. Alichaguliwa kwa ahadi mbili tu, na alizirudia mpaka watoto wakazijua kwa moyo. Ya kwanza ilikuwa barabara ya kwenda Lubingu, kijiji alikozaliwa, kule milimani. Ya pili ilikuwa chuo kikuu cha serikali pale mjini, ambacho wahadhiri wake walikuwa wakifundisha bila mshahara na maabara yake haikuwa na paa. Aliamini zote mbili. Alikuwa amesoma katika chuo hicho, na mama yake mzazi alikuwa amefia katika njia hiyo ya Lubingu, akiwa amebebwa juu ya machela ya miti, mvua inanyesha, wabebaji wanateleza.

Mwaka mmoja gavana akaiita kamati ya bajeti, ambayo Ignace alikuwa mwenyekiti wake, akawaeleza kwamba fedha zilizopo zinatosha jambo moja. Wakitaka barabara, chuo kisubiri. Wakitaka chuo, barabara isubiri. Uamuzi ni wenu, akasema, akaondoka kwenda kula.

Henriette alimwambia mumewe afikirie vizuri. Gédéon alikuwa mwaka wa tatu katika chuo hicho hicho, akisomea kilimo, na kila jioni alirudi na habari kwamba walimu wamechoka, mgomo unakuja. Ignace hakulala usiku kadhaa. Mwishowe alisimama bungeni akaitetea barabara. Alisema maneno ambayo redio iliyatangaza wiki nzima: "Kusoma kunaweza kungoja mwaka mmoja. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja." Wabunge walipiga meza. Kura ikapita.

Wahadhiri walifunga madarasa kabla mwezi haujaisha. Wanafunzi walipita barabarani wakiimba maneno yale ya Ignace, wameyageuza kuwa matusi, na Gédéon alikuwa miongoni mwao. Jioni hiyo baba na mwana waligombana mezani. Gédéon alisema baba yake amenunua kura za milimani kwa masomo ya watu. Ignace akamjibu kwamba yeye hajawahi kubeba machela. Siku iliyofuata kijana alifungasha nguo akaondoka, na ajabu ni kwamba hakwenda mbali na milima aliyoisema vibaya. Alikwenda Lubingu, kwenye nyumba ya babu yake, akaomba kazi ya kufundisha shule ya msingi.

Barabara ilimalizika kiangazi kilichofuata. Ilitoka mjini, ikapanda hadi Lubingu, ikateremka upande wa pili hadi bondeni. Ilikuwa barabara nzuri. Mama wajawazito waliteremshwa kwa pikipiki wakazaa hospitalini, na muhogo wa Lubingu ukafika sokoni kabla haujaoza. Ignace alikata utepe pamoja na gavana.

Mwaka haukupita, wapiganaji wakaja. Zamani wangetoka bondeni kwa miguu, siku mbili, na habari zao zingewatangulia. Safari hii walikuja kwa magari, juu ya barabara ile laini, wakaingia Lubingu siku ya soko. Gédéon alipigwa risasi karibu na shule. Ignace alikuwa Kinshasa siku hiyo, akizunguka katika ofisi za wizara kuwaombea wahadhiri mishahara yao. Henriette ndiye aliyepanda pikapu ya parokia kwenda kumchukua mtoto wake, akarudi naye mjini akamzika. Baba alipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Baadaye mji nao ukatekwa, majina ya wakubwa wanaotafutwa yakasomwa redioni, na Ignace alikuwa mmoja wao. Walikimbia, na baada ya mizunguko mingi wakafika Birmingham. Katika mizunguko hiyo, bila kutangaza, Henriette aliacha kumwita mumewe Papa Gédéon. Gisèle alikuwa mdogo. Aliambiwa kaka amekufa vitani, na akaelewa kwamba hayo si mazungumzo ya kuendelezwa.

Hivyo ndivyo walivyoishi hapa miaka yote hiyo, mpaka mwaka jana.

Mwaka jana chuo cha Gisèle kilitangaza kwamba kinafikiria kuifunga idara yake. Fedha za serikali hazitoshi, wanafunzi wamepungua, na lugha hazileti faida. Gisèle aliingia katika kundi la wanafunzi waliokuwa wakipinga, akawa anarudi nyumbani sauti imemkauka. Wakati huo huo, hapa Acocks Green, watu walikuwa wanalalamika juu ya barabara: mashimo yaliyopasua magurudumu, na mahali pa kuvukia watoto wa shule ambapo magari yalikuwa hayasimami. Mama mmoja, jirani yetu, alivunjwa mguu hapo. Basi mbunge wa eneo akaitisha mkutano Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa lile lile tunaloazima, aje asikilize watu wanataka nini kabla ya bajeti.

Gisèle alimsihi baba yake aende. Alimwambia kwamba wazazi wa wenzake watakaa kimya kwa sababu hawajui bunge ni nini, lakini yeye anajua. Akisimama mtu kama yeye, mbunge atasikia. Ignace alisema atakwenda. Hakusema kama atazungumza.

Mimi nilikuwepo. Ignace alikaa safu ya nyuma, karibu na Kamaljit, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Nakuru, jirani yao wa ukuta mmoja, ambaye hupenda kumsemesha Kiswahili cha Kenya ili kisimpotee. Mbunge alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu visivyo na kisigino na sura ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliwasikiliza wa mashimo, akawasikiliza wa kivuko, kisha Gisèle akasimama. Alizungumza vizuri. Alieleza idara yao ni nini, nani atafasiri mahakamani na hospitalini watu kama sisi tukishindwa kujieleza, akamwomba mbunge aipiganie bungeni.

Mbunge alimshukuru. Akasema hatamdanganya. Waziri wa fedha akimtaka achague jambo moja, atataja barabara, kwa sababu watu wanaumia. Na akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba masomo ya chuo kikuu yanaweza kungoja mwaka mmoja au miwili hadi hali itengemae, lakini mtoto anayevuka kwenda shule hawezi kungoja.

Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu nyuma. Kamaljit alikuwa amemshika Ignace mkono.

"Bwana Ignace," alimwambia kwa sauti ya chini, "wewe ulikuwa mbunge. Simama umjibu. Huyo ni msichana wako."

Gisèle naye alikuwa amegeuka, anamtazama. Ukumbi mzima ukageuka. Ignace alisimama nusu, akashika kiti cha mbele yake. Halafu akakaa.

Mkutano ulipoisha Gisèle alitoka peke yake, hakumngoja. Sisi tuliokuwepo tulidhani ni Kiingereza kilichomtisha mzee, tukamwonea huruma ya bure. Nilimwona amebaki ukumbini wakati viti vinapangwa. Alimwendea mbunge aliyekuwa anavaa koti. Mbunge akamuuliza ana shida gani, akamjibu kwamba hana shida. Alitaka tu kumwambia asante kwa kuja, na kwamba anajua ilivyo kurudi nyumbani baada ya mkutano kama huo. Mbunge akampa mkono.

Nyumbani Gisèle alikaa siku nyingi bila kumsemesha baba yake, ila salamu. Alimwambia mama yake kwamba kama mtu alikuwa mbunge kweli, atasimama. Henriette angeweza kumweleza wakati huo, na aliniambia kwamba alikaribia kufanya hivyo, lakini aliona si lake kuliondoa jiwe ambalo mumewe amelikalia.

Kisha Jeannine akafika.

Jeannine alikuwa mjane aliyetoka kambini Uganda na watoto wake watatu, akapewa makazi Birmingham kwa mpango wa serikali wa kupokea wakimbizi. Jumapili yake ya kwanza kanisani aliingia tumeshaanza kuimba, amevaa kitenge juu ya jaketi la baridi. Alikaa, akainua macho kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, akamwona Ignace upande wa pili. Wimbo haukuwa umeisha. Alisimama akapita katikati ya watu mpaka kwake.

"Papa Gédéon," akasema.

Niliona uso wa Henriette. Alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakuna aliyelitamka jina hilo mbele yao tangu waje nchi hii, na Gisèle, aliyekaa baina ya wazazi wake, aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Ignace alisimama akampa Jeannine mikono yote miwili, akamuuliza ni wa wapi. Akajibu kwamba ni wa Lubingu, nyumba ya pili kutoka shuleni.

Jumapili iliyofuata Jeannine aliomba kwenda kuwasalimu nyumbani. Alikwenda na sombe, kisamvu cha kwao, aliyoipata kwenye duka la Wakongo, imeganda kama tofali, na kuku. Henriette alipika, wakala, wakazungumza juu ya baridi, shule za watoto, na mabasi. Baada ya chakula Jeannine alifuta mikono, akajisogeza mbele kidogo kwenye sofa, akaanza kusema, kwa Kiswahili cha kwao, jambo alilokuwa amelibeba tangu kambini.

"Papa Gédéon, mimi nimekuja kukushukuru. Siku ile ya soko, malori ya muhogo yalikuwa yamesimama pale, yameelekea mjini. Tuliposikia masasi, watu wakapanda juu ya muhogo, mimi na batoto bangu. Kwa ile njia ya zamani lori haingefika kwetu. Ile barabara yako njo ilituokoa. Kule kambini tulikuwa tunakuombea."

Ignace aliinuka. Alisema samahani, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma akatoka. Henriette alimwona kupitia dirishani amesimama kati ya mapipa ya taka, bila koti, mikono imelegea.

Gisèle akauliza, kwa Kiingereza, barabara gani. Jeannine hakuelewa swali, akamgeukia Henriette. Ndipo Henriette akaamua kwamba sasa ni wakati. Alimweleza binti yake yote pale pale mbele ya mgeni: ahadi mbili, gavana, kura, maneno ya redioni, mgomo, ugomvi wa mezani, na magari yaliyopanda kutoka bondeni. Gisèle alisikiliza mpaka mwisho. Mama yake alipofika kwenye yale maneno kwamba kusoma kunaweza kungoja, Gisèle alijifunika uso.

Jeannine alikuwa hajui. Kule Lubingu walijua kwamba mwalimu Gédéon ni mtoto wa mbunge na kwamba amekasirishwa na jambo, lakini hawakuuliza. Alianza kuomba radhi, akitaka kuondoka. Henriette alimkalisha, akamwambia hana kosa, shukrani si kosa.

Usiku, mgeni alipokwisha kwenda, Ignace na mkewe walibaki jikoni. Ignace akasema kile alichokuwa hajawahi kusema: kwamba anajua Henriette anamlaumu kwa ile barabara, na kwamba ana haki.

Henriette alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua.

"Mimi sikukulaumu kwa barabara hata siku moja," alimjibu. "Nimepita humo kwenda kumleta mtoto, nikarudi naye jua halijazama. Bila hiyo nisingemzika. Mimi nakulaumu kwa sababu hukwenda kumwona. Mwaka mzima, Papa Gisèle. Gari ulikuwa nalo, na barabara ulikuwa nayo. Ulikuwa unangoja yeye aje kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa, na Ignace alijua. Kitu kilichomuuma zaidi, ambacho Henriette hakukijua, ni kwamba alikuwa amemwona. Siku ya kukata utepe pale Lubingu, Gédéon alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na wanafunzi wake, ameshika bendera ya karatasi kama wao. Macho yao yalikutana. Baba akangoja mwana avuke, mwana hakuvuka. Gavana alikuwa na haraka, magari yakawashwa, na Ignace akajiambia atarudi siku nyingine, akiwa peke yake. Alimwambia mkewe hilo pale jikoni. Henriette aliiweka sufuria chini, akazima taa ya jiko, akapanda juu. Mlango wa chumba hakuufunga.

Siku chache baadaye Ignace alitoka kazini akapanda basi hadi kwa Jeannine. Gisèle alitaka kwenda naye. Walikuwa wameanza kusemezana tena, kwa uangalifu, kama watu wanaopita kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Jeannine aliwakaribisha katika sebule yenye meza moja na magodoro yaliyosimamishwa ukutani. Ignace alimwambia hakuja kwa ajili ya shukrani. Amekuja kumwomba amsimulie mwanawe, kwa sababu ule mwaka wa mwisho yeye haujui.

Jeannine alimwangalia, akafikiri. Akauliza kama anataka yote.

"Yote," Ignace akasema.

Akamwambia yote. Kwamba Gédéon alikuwa mwalimu mkali lakini alipendwa, kwamba alilima maharage nyuma ya shule akayawekea mbolea ya kinyesi cha mbuzi hadi majirani wakaja kuiga. Kwamba alikuwa amemwekea jicho binti wa muuza mafuta. Kwamba alikuwa na hasira na baba yake na hakuificha. Mtu akiisifu barabara, yeye alinyanyuka akaenda zake. Ignace aliitikia kwa kichwa. Akauliza alikufaje. Yeye aliambiwa tu kwamba ni karibu na shule.

Jeannine akasema Gédéon ndiye aliyewapandisha watoto kwenye lori, naye mwenyewe mguu mmoja ulikuwa umeshapanda. Kisha akakumbuka kwamba hajafunga shule. Funguo alikuwa nazo yeye. Watu walimpigia kelele aiache, lakini akasema wataiba madawati, akashuka.

"Aliteremka kwa ajili ya madawati," Ignace akasema polepole.

Jeannine akasema kuna jambo moja zaidi, na hajui kama ni jema kulisema.

"Siku ya sherehe ya barabara, asubuhi, alikuja kwangu kuazima viti. Viti viwili, vile vya mbao, vya wageni. Nikamuuliza, nani anakuja? Akasema baba. Akaviweka kwenye baraza ya nyumba ya babu yake, akanunua na soda. Magari yalipoondoka, niliona amekaa kwenye kimoja. Jioni akavirudisha."

Gisèle aliniambia kwamba baba yake hakulia pale. Alimshukuru Jeannine, akawaaga watoto wake mmoja mmoja, akavaa koti lake la suti. Walitembea badala ya kungoja basi. Walipofika mahali ambapo Warwick Road inapanuka na magari hayaishi kupita, alisimama ukingoni akashindwa kuvuka. Taa iligeuka ikawa ya kijani mara ya kwanza, ya pili, na yeye amesimama tu, mabega yanatikisika, watu wakiwapita na mifuko yao ya ununuzi. Gisèle alimshika kiunoni. Hakumwambia anyamaze. Alimwambia, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, kwamba hawana haraka.

Idara ya Gisèle ilifungwa. Waliokuwa ndani waliruhusiwa kumaliza, lakini wapya hawatachukuliwa, na walimu wawili aliowapenda wakaondoka kwenda miji mingine. Siku tangazo lilipotoka alirudi nyumbani akalala kitandani na viatu. Ignace alipanda akakaa sakafuni kando ya kitanda. Hakumwambia kwamba mambo yatatengemaa wala kwamba mwaka mmoja si kitu. Alimuuliza majina ya walimu walioondoka, akamwomba amweleze kila mmoja alikuwa anafundisha nini. Wakakaa hivyo mpaka Henriette akawaita kula. Mashimo ya barabara yetu yalizibwa miezi iliyofuata, na kivuko kikawekwa. Ni kizuri. Watoto wanavuka bila hofu.

Kifo cha Gédéon kilikuwa hakijawahi kufanyiwa ibada hapa. Mwaka huu, siku yake ilipokaribia, Henriette alikuja kwetu wamama wa kanisa, akasema anataka ifanyike. Tulipika tangu Ijumaa. Jeannine na watoto wake walikuwepo, na Kamaljit alikuja amejifunika mtandio mweupe, akakaa mbele na wafiwa bila kuuliza mtu. Mchungaji alimkaribisha Ignace aseme neno, na sisi tukajiweka sawa, maana huyu ni mtu wa kuhutubia. Alisimama. Akalitaja jina la mwanawe lote, na mwaka aliozaliwa, na hospitali aliyozaliwa. Akafungua kinywa kuendelea, maneno yakakataa.

Henriette alinyanyuka akasimama karibu yake. Akasema kwamba Gédéon alipokuwa mdogo alikuwa hali maharage kabisa, unampiga, unambembeleza, anayaficha mfukoni mwa kaptura, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuyalima. Watu wakacheka kidogo, hata Jeannine. Akaendelea kusimulia, mambo madogo madogo, kwa muda mrefu kuliko tulivyotegemea, na Ignace akamsikiliza kama sisi wengine, ameinamisha kichwa, mpaka mchungaji akasema tusimame tuombe.